Karibu kilometa 3.400 juu ya kinga kwa ajili ya wauguzi wa damu

Unafika kazini namna gani? Wengine wanapanda bisi ya kampani, wengine wanakuja kwa miguu. Lakini kinga tunaijua sisi wote. Baba wengi wa kambi walinunua kinga kwa mishahara yao ya kwanza. Mpaka leo kinga inabeba makala, inabeba unga, inabeba hata mama mwenye mimba mpaka dispensere. Basi hakuna haja nikufundishe vile miguu inachoka kwenye kilima, na vile mugongo unauma nyuma ya kilometa 30 za njia mbaya.

Sasa sikiliza. Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni karibu kilometa 120. Fikiri kwamba unapanda kinga asubuhi Lubumbashi, unafika Likasi, husimami, unaendelea tena kilometa 40 mbele ya kushuka. Kesho unafanya vile vile. Kesho kutwa vile vile. Unafanya vile mara 21, na katikati unapata siku mbili tu za kupumuzika. Ukihesabu njia yote, ni karibu kilometa 3.400. Ni karibu sawa na kwenda Kolwezi na kurudi Lubumbashi mara sita! Na tena kuna milima njiani, miaka fulani mingine inapita meta 2.600, mara mbili ya urefu wa Lubumbashi.

Wako watu wenye kufanya hii safari. Hawalipwi mushahara, hawapewi kikombe. Wanaifanya kusudi wauguzi wenye kujua ugonjwa wa damu wapatikane katika hospitali. Leo, katika ukurasa wetu wa usalama na afya, nataka kukueleza juu ya nini wanajisumbua vile, na namna gani jambo hili linakuhusu wewe mwenye kutumika shimoni, kiwandani ao garaji, na wewe mama mwenye kulinda nyumba.

FUNDI WA UMEME MWENYE KUCHEZA MUPIRA

Mutu mwenye kuleta hilo wazo la safari ni Mwingereza. Jina lake ni Geoff Thomas, alizaliwa mwaka 1964. Mbele ya kuishi kwa mupira alitumika kazi ya fundi wa umeme, mutu wa mikono kama wewe na mimi. Kisha akapanda polepole mpaka timu kubwa. Mwaka 1990 alikuwa kapiteni wa Crystal Palace katika mwisho wa Kombe la Uingereza, waliposhindana na Manchester United. Siku ya kwanza walitoka 3 kwa 3. Mechi ikarudiwa, na Manchester ikashinda 1 kwa 0. Alicheza vile vile mara 9 katika timu ya taifa ya Uingereza.

Mutu wa namna hiyo, mwenye mapafu makubwa na miguu ya chuma, nani angesema kwamba ugonjwa utamuangusha? Lakini mwaka 2003, nyuma ya kuacha mupira, labo ilipima damu yake. Wakaona leusemi, ni kusema kansere ya damu. Dada yake alitoa chembe za uboho wake, na mwanzoni mwa mwaka 2004, katika hospitali ya Birmingham, wakamupa ndugu yake. Uboho ni kile kitu kilaini ndani ya mifupa, pahali damu inatengenezwa. Chembe za dada zikakubali. Damu mupya ikaanza kutengenezwa ndani ya mwili wa ndugu yake.

Mwaka 2005 Geoff Thomas alifanya jambo ambalo watu waliliona kama wazimu. Alichukua kinga, akaita rafiki wachache, wakapita njia yote ya Tour de France ya mwaka ule, yale mashindano makubwa ya kinga ya Ufaransa. Walipanda hata mulima Galibier. Mutu ambaye mwaka uliopita alikuwa mugonjwa kitandani! Njiani watu walitoa feza kwa ajili ya kupigana na leusemi.

KIKUNDI CHENYE KUTANGULIA

Ile safari ya kwanza haikuwa ya mwisho. Katika muji wa Birmingham, tangu mwaka 2003, kuna shirika linaloitwa Cure Leukaemia. Mumoja wa walioianzisha ni Profesa Charlie Craddock, munganga aliyemutunza Geoff Thomas. Kuanzia mwaka 2021 safari ya kinga ya shirika hilo imepewa jina la Tour 21, sababu ina vipande 21. Kikundi cha wanaume na wanawake, watu wenye kazi zao na familia zao, wanapita njia ileile ya Tour de France juma moja mbele ya wale mabingwa wenye kulipwa. Wanaazimia kukusanya paundi milioni moja.

Na hizo feza zinafanya nini? Sehemu kubwa inalipa wauguzi. Si majumba, si magari. Wauguzi, wenye kujifunza kazi ya damu, katika hospitali zinazotunza wagonjwa wa leusemi.

Angalia vile hicho kikundi kinaenda, maana hapo kuna fundisho kwa sisi wa mashimo. Wanapanda kwa mustari, kinga karibu na kinga. Mutu wa mbele anapasua upepo, wale wa nyuma wanatumia nguvu kidogo. Akichoka, anarudi nyuma na mwengine anachukua fasi yake. Mutu wa mbele akiona shimo ao jiwe, ananyoosha mukono na kupaza sauti. Wa pili anarudilia, wa tatu anarudilia, mpaka wa mwisho. Yule wa mwisho hakuona shimo kwa macho yake, lakini hakuanguka. Ni vile tunapashwa kufanya kazini. Wewe uliyeona jiwe limelegea juu ya vichwa, usinyamaze eti kapita ataliona mwenyewe. Paza sauti!

JUU YA NINI WAUGUZI?

Katika kambi zetu tunamwita «munganga» kila mutu mwenye koti nyeupe. Mwenye kupiga sindano, munganga. Mwenye kufunga kidonda, munganga. Hata mimi, musaidizi tu, wananiita munganga, na siwezi kukatala sababu wazee wananiheshimu. Lakini kazi si moja.

Muuguzi anajifunza miaka mingi mambo mengi: vidonda, sindano, kuzalisha, chanjo, homa. Anajua kidogo ya yote, na hiyo ni nguvu kubwa. Lakini wako wauguzi ambao wanarudi tena kwenye masomo kujifunza kazi moja mpaka chini. Mumoja anajifunza kulalisha mugonjwa mbele ya kupasuliwa. Mwengine anajifunza macho. Mwengine watoto waliozaliwa mbele ya wakati. Mwengine wagonjwa wa figo. Mwengine damu na kansere.

Kama unauliza faida yake, nitakuuliza na mimi: shimoni kwenu, kapita anamupa kila mutumishi baruti aende kupasua mwamba? Hapana! Kila mutu shimoni ana akili na mikono, lakini baruti inapewa mutu aliyeifunzwa na mwenye karatasi yake. Juu ya nini? Sababu kosa moja halina mara ya pili. Basi, dawa za kansere ni kama baruti. Zinaua chembe mbaya, lakini zikishikwa vibaya zinaumiza mugonjwa mwenyewe.

Muuguzi wa damu anajua mambo ambayo mwengine hayaoni. Nitakutajia matatu.

La kwanza, sindano. Dawa fulani za kansere zikitoka inje ya mushipa hata kidogo, zinachoma nyama ya mukono mpaka kidonda kinakuwa kikubwa. Muuguzi mwenye kujua anaona dalili katika dakika za kwanza, anasimamisha dawa mara moja. Asiyejua anasema: «Vumilia, itapita.»

La pili, joto. Mugonjwa mwenye kupewa zile dawa anabaki bila askari ndani ya damu yake. Kipimo kikionyesha digri 38, kwako na kwangu ni homa. Kwake ni hatari ya kufa. Anapashwa kupata dawa ya kuua mikrobi ndani ya saa moja, hata kama ni usiku wa manane. Muuguzi wa damu hangoji asubuhi.

La tatu, dawa mupya. Dawa ikigunduliwa, haipewi watu wote mara moja. Inapimwa kwanza kwa wagonjwa waliokubali kwa hiari yao. Nani anakaa na mugonjwa na kumueleza kwamba ana haki ya kukubali na haki ya kukatala? Nani anahakikisha kipimo cha dawa, anaandika saa, anatoa damu kwa saa ile ile, anaona wa kwanza kama dawa inaleta mabaya? Muuguzi. Ni wauguzi wa namna hii ambao ile safari ya kinga inawalipa. Dawa inaweza kuwa ndani ya friji, na munganga mukubwa anaweza kuwa ofisini. Bila muuguzi mwenye kujua, dawa haifiki kwa mugonjwa.

LEUSEMI NI NINI?

Ndani ya damu kuna chembe za aina tatu. Chembe nyekundu zinabeba hewa kutoka mapafu mpaka mwili wote. Tuseme ni kamio zenye kubeba mizigo. Chembe nyeupe ni askari wenye kupigana na mikrobi. Aina ya tatu ni vipande vidogo sana vyenye kuziba fasi iliyopasuka, kusudi damu isitoke bila kusimama. Tuseme ni mafundi wa kutengeneza. Zote tatu zinatoka katika uboho.

Katika leusemi, uboho unaanza kutengeneza chembe nyeupe bila kipimo, na zile chembe hazijui kazi yao. Ni kama kiwanda kinachotoa maelfu ya askari wa uongo. Wanajaza kambi, wanamaliza fasi, kamio hazipiti, mafundi hawapati pahali. Ndiyo maana mugonjwa anachoka, anatoka damu, na kila mikrobi inamushinda, hata kama chembe nyeupe ni nyingi. Mutu mwenye afya ana chembe nyeupe kati ya 4.000 na 10.000 katika milimeta moja ya mraba wa pande zote. Katika leusemi hesabu inaweza kupita 100.000.

Leusemi ya haraka inaweza kuua katika majuma machache kama haikutunzwa. Leusemi ya polepole inakaa miaka, inajificha. Aina moja ya ile ya polepole, ambayo ndiyo ilimushika Geoff Thomas, imepata dawa ya vidonge tangu mwaka 2001, inaitwa imatinibu. Mbele ya ile dawa, wengi walikuwa wakiishi miaka michache tu. Leo wengi wanaishi miaka mingi, mradi wasikose kidonge hata siku moja.

Na sasa neno la kambini. Leusemi haiambukizi. Unaweza kula naye sahani moja, unaweza kulala naye kitanda kimoja. Vile vile si uloji. Hakuna shangazi wala jirani aliyetuma leusemi kwa mutoto wako. Familia ngapi zimevunjika kwa kutafuta muloji, na wakati huo ugonjwa unaendelea na kazi yake?

SIKU MIMI MWENYEWE NILIKOSEA

Lazima nikuambie jambo moja ambalo si la kujisifu. Miaka fulani iliyopita, nilipokuwa nimetoka tu kwenye masomo, nilitumika katika dispensere moja ndogo. Fundi mumoja wa garaji alikuja kwangu. «Munganga, nimechoka. Jioni joto linapanda.» Nilimuangalia ndani ya macho: meupe. Nikasema moyoni: malaria. Nikamupa dawa ya malaria. Nyuma ya juma tatu akarudi, nikamupa tena dawa ya malaria pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Nyuma ya juma tatu zingine akaja pamoja na bibi yake. Mama akasema: «Baba hamalizi tena chakula chake. Anasema tumbo limejaa mbele ya kula.» Mimi nilikuwa nimekwisha kushika kalamu kuandika dawa ile ile.

Siku ile, muuguzi mumoja mama, aliyejifunza kazi ya wagonjwa wa damu katika hospitali kubwa, alikuwa amekuja kutusaidia kwa chanjo ya watoto. Hakuwa amekuja kwa ajili ya wangu. Lakini alisikia maneno ya yule mama. Akanikaribia, akaniuliza kwa sauti ya chini kusudi asinipatishe haya: «Ndugu yangu, umemugusa tumbo?»

Sikuwa nimemugusa.

Akamulalisha yule baba, akaweka mukono upande wa kushoto chini ya mbavu, pahali bandama inakaa. Bandama ilikuwa imevimba mpaka karibu na kitovu. Hata malaria ya siku nyingi inaweza kuvimbisha bandama, ndiyo maana inadanganya. Lakini yeye hakukubali kudanganywa. Aliomba labo wahesabu chembe za damu siku ile ile. Jibu lilipokuja, hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Yule baba alitumwa kwenye hospitali kubwa, akapata dawa ya vidonge. Anaikunywa kila siku na yuko hai. Lakini juma sita zilipotea, na zilipotea juu yangu. Kama ingekuwa leusemi ya haraka, asingekuwa na juma sita za kupoteza. Kila mara ninapomuona anapita na kinga yake, swali linarudi: umemugusa tumbo? Tangu siku ile namugusa kila mugonjwa tumbo. Muuguzi mumoja mwenye kujua kazi yake alimusaidia mugonjwa mumoja, lakini alinifundisha na mimi, na wengine wote waliokuja nyuma wanapata faida.

KAZINI: ANGALISHO!

Leusemi nyingi zinakuja bila mutu kujua sababu. Lakini sababu mbili zinajulikana vizuri, na zote mbili zinaweza kuwa karibu na kazi yetu.

Ya kwanza ni benzeni. Iko ndani ya esansi, na inaweza kuwa ndani ya kole fulani na dawa za kuyeyusha rangi. Iko hata ndani ya moshi wa sigara. Inaingia kwa pumzi na kwa ngozi. Yule mwenye kuivuta siku nyingi, mwaka kwa mwaka, anaumiza uboho wake. Kwa hiyo:

– Usioshe mikono na esansi kisha kazi. Najua inatoa mafuta haraka, lakini tumia sabuni.
– Usifue nguo za kazi na esansi nyumbani, mbele ya mama na watoto.
– Usivute esansi na mudomo kwa mupira wa kuhamisha. Tumia pompi.
– Ukipaka rangi ao ukitumia kole, fungua milango na madirisha. Vaa kifuniko cha pua kilichopangwa kwa kazi hiyo. Kitambaa hakizuii pumzi ya benzeni.

Ya pili ni mionzi. Katika viwanda vingine kuna vyombo vya kupima ambavyo vina kitu chenye kutoa mionzi ndani yake, na kuna mashini za kupiga picha ya chuma kilichounganishwa kwa moto. Mionzi haionekani, hainuki, haichomi siku ile ile. Ukiona alama ya manjano yenye majani matatu meusi, simama. Kama umepewa kipimo cha kuvaa kifuani, kivae kila siku. Usikiache ndani ya sanduku la nguo. Na mawe ya uranium, kama yale yaliyotoka Shinkolobwe, usiyalete nyumbani hata kama rangi yake inapendeza. Si mapambo ya meza, si kitu cha kuchezea watoto.

UJE LINI DISPENSERE?

Baba, mama, shikeni hizi alama:

– Kuchoka kusikopita hata ukilala, pamoja na midomo na macho kuwa meupe.
– Joto lenye kurudi tena, hata kama umemaliza dawa ya malaria vizuri.
– Damu kutoka puani ao katika nyama ya meno bila sababu.
– Alama nyeusi ao nyekundu juu ya ngozi, na hakuna aliyekupiga, hukuanguka.
– Tumbo kuvimba upande wa kushoto, ao kushiba nyuma ya vijiko viwili.
– Kukonda, na jasho la usiku lenye kulowanisha shuka.
– Mutoto kulia mifupa, kukatala kutembea ao kucheza.

Usiogope kupita kipimo. Wengi wenye alama hizi hawana leusemi. Wana malaria, wana kifua kikuu, wana upungufu wa damu ao minyoo. Lakini ni labo tu inayoweza kutofautisha, na kuhesabu chembe za damu ni kazi fupi. Ukirudi mara ya pili na ugonjwa ule ule, usione haya kuuliza: «Munganga, unaweza kunipima damu yote?» Hautanikasirisha. Utanisaidia.

SISI TUFANYE NINI?

Hakuna mutu anayekuomba upande mulima Galibier. Lakini kuna mambo tunayoweza kufanya hapa kwetu.

Toa damu. Wagonjwa wa leusemi wanahitaji damu ya watu wengine, na vile vile mama mwenye kuzaa kwa shida, na mwenzako aliyepata aksida shimoni. Mutu mwenye afya, mwenye kupita miaka 18 na kilo 50, anaweza kutoa. Mwanaume anaweza kurudilia nyuma ya miezi mitatu, mwanamuke nyuma ya miezi mine. Damu inapimwa sida, hepatiti B, hepatiti C na kaswende mbele ya kupewa mugonjwa. Tarehe 14 mwezi wa 6 kila mwaka ni siku ya dunia ya watoaji wa damu. Kikundi kimoja cha zamu moja kinaweza kwenda pamoja siku hiyo. Hiyo pia ni safari.

Heshimu wauguzi na wasaidie wasome. Kama binti yako ao kijana wako anapenda hii kazi, usimwambie kwamba ni kazi ya kumwaga maji machafu. Katika inchi yetu, chuo cha ufundi wa uganga, kile tunachoita ISTM, kinafundisha wauguzi wa kiwango cha juu. Anayetaka kujifunza kazi moja mpaka chini anahitaji muda, na anahitaji familia yenye kumungojea. Tarehe 12 mwezi wa 5 ni siku ya wauguzi duniani. Siku ile, mwambie asante yule aliyekufunga kidonda.

Na juu ya kinga yako mwenyewe: pima freni kila asubuhi. Ukitoka zamu ya usiku, uwe na taa mbele na kitu chekundu chenye kung'aa nyuma. Vaa ile nguo yenye mistari ya kung'aa uliyopewa. Usishike nyuma ya kamio kwenye kilima. Dereva hakuoni, na siku akisimama ghafula wewe ndiye utakayelipa. Sina hamu ya kukushona.

Ndugu musomaji, wale watu wa kinga kule Ufaransa wanatangulia juma moja mbele ya mabingwa. Hawashindani na mutu. Wanashindana na wakati, kusudi muuguzi awe amekwisha kufika pahali pake mbele mugonjwa hajafika. Lakini hata muuguzi mwenye elimu yote hawezi kumugusa tumbo mutu ambaye amebaki nyumbani. Hiyo sehemu ya njia ni yako. Panda kinga yako, ao tembea kwa miguu, lakini uje mapema.

Mulango wa dispensere uko wazi.